Mwenzenu Nilivyofanywa Mtu wa Kilimanjaro

Klabu yetu ya kutembea ilikuwa na katiba kabla haijatembea hata hatua moja. Nalitanguliza hilo kwa sababu baadaye watu waliulaumu ukungu, wengine wakamlaumu mbwa, na mimi nilikuwepo tangu kikao cha kwanza.

Mji wenyewe ni Abergavenny, kusini-mashariki mwa Wales. Kwa Kiwelisi wanauita Y Fenni. Kokote utakakogeuza uso kuna mlima. Huku Sugar Loaf, mita 596, kule Skirrid, mita 486, na ng'ambo ya mto Usk kuna Blorenge, mita 561, mlima mpana wenye mgongo bapa. Najua, ukiipanga Blorenge kumi moja juu ya nyingine bado hujafika kilele cha Kilimanjaro. Lakini mimi nimezaliwa Pangani, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi, na kwangu hiyo yote ni milima. Nilifika kule kwa kazi ya uuguzi, zamu za usiku, na kwa muda mrefu milima ile nilikuwa naiona kupitia dirisha la wodi tu. Tulikuwa tunaheshimiana, kila mmoja kwake.

Ikaja korona. Mwanzoni mwa kiangazi cha 2020 watu wa Wales waliruhusiwa kutoka nje, ila wasiende mbali na kwao, maili 5 hivi. Watu waliozoea kupanda ndege kufuata jua Hispania wakagundua kumbe nyuma ya nyumba pana mlima. Wakaanza kutembea. Na watu wa nchi ile wakishafanya jambo mara mbili pamoja na jirani, mara ya tatu wanaunda kamati.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya marufuku zote kwisha. Ajenda ya kwanza ilikuwa jina la klabu: lianze kwa Kiwelisi au kwa Kiingereza? Hapo ilikatika saa nzima. Mzee mmoja pembeni akasema hayo ni maneno mapya, kwamba yeye alipokuwa mtoto sheria zilikuwa zikiandika "Wales na Monmouthshire", maana haikueleweka vizuri kama mkoa wao uko Wales au England, na jambo hilo lilikuja kumalizwa mwaka 1974. Nikanyamaza nikanywa chai yangu. Lakini moyoni nilijiuliza: watu waliokaa karne kadhaa bila kujua wako nchi gani, nitawafuata vipi mlimani?

Chai ililetwa na vikeki vyao bapa vyenye zabibu kavu, wanavichoma juu ya chuma cha moto, vitamu hasa. Niseme ukweli, mimi vile vikeki ndivyo vilivyoniandikisha.

Viongozi wakachaguliwa. Majina siwataji, na hata ningewataja yasingekusaidia, maana nusu ya ukumbi walikuwa Jones na nusu nyingine Davies na Williams. Wao wenyewe wanalitatua tatizo hilo kwa kumwita mtu kwa kazi yake, nami nitafuata desturi. Mwenyekiti akawa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha jiografia maisha yake yote, ndani ya darasa, mahali ambapo ukungu hauingii. Mweka hazina akawa Bi Benki. Katibu akawa Dereva, aliyeendesha basi hadi akastaafu na ambaye mpaka leo hawezi kupita kituo bila kupunguza mwendo. Kukawa na Kijana wa Simu, ambaye ukijana wake ulikuwa miaka hamsini na kitu, lakini mle ndani alikuwa mtoto.

Kisha Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, dada, kwenu wapi hasa?"

"Tanzania."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. "Kilimanjaro!" akasema Bi Benki.

Nikawaeleza. Nikasema mimi ni mtu wa pwani. Nikasema kutoka kwetu hadi Kilimanjaro ni safari ya basi ya kutwa, na kwamba mlima wenyewe nilipita chini yake siku moja nikienda Arusha kwenye msiba, na siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu, kwa hiyo ninachoweza kuwathibitishia ni mawingu. Wakacheka kwa upendo. Bi Benki akanipigapiga mkono. "Mnyenyekevu kweli, kipenzi."

Hapo ndipo nilipoijua nchi ile. Kule mtu aliyepanda mlima mkubwa hasemi. Akisema sana atasema, "Ah, tuliwahi kutembea kidogo huko." Mwalimu akatoa mfano palepale: kikosi cha Everest cha mwaka 1953 kilifanyia mazoezi kaskazini mwa Wales, na saini zao ziko mpaka leo kwenye dari ya hoteli moja ya huko, wala hawakujigamba. Kwa hiyo kila nilivyozidi kukana, ndivyo ushahidi ulivyozidi kuniangukia. Kwenye muhtasari wa kikao Dereva aliandika kwamba klabu imepata Mshauri wa Milima Mirefu. Nikaomba lifutwe. Wakapiga kura lisifutwe.

Jumapili ile nikampigia mama simu Pangani.

"Shikamoo mama. Nimejiunga na klabu."

"Marahaba. Klabu ya nini, mwanangu?"

"Ya kutembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Hatuendi mahali, mama. Tunazunguka, tunarudi pale tulipoacha magari."

Akanyamaza kidogo. "Magari mnayo."

"Tunayo."

"Na mvua huko haijaisha."

"Haijaisha."

"Mnalipwa shilingi ngapi?"

"Tunalipa sisi. Pauni kumi kwa mwaka."

Nikasikia mama anamwita dada yangu aje asikilize kwa masikio yake.

Matembezi ya mwanzo yalikuwa ya bondeni, na sina mengi ya kuyasema ila kwamba yalichelewa. Mwalimu alikuwa na kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, na kila mita 600 za kupanda ongeza saa moja. Kanuni nzuri. Lakini Naismith hakuwahi kutembea na Bi Benki, ambaye humsalimia kila mbwa anayekutana naye, humuuliza jina na umri, kisha ndiyo huanza na mwenye mbwa. Wala kanuni haizihesabu zile ngazi za mbao za kuvukia kuta za mawe, ambapo mtu hupanda, hukaa juu, husifu mandhari, na nyuma yake foleni imesimama mvuani.

Siku nyingine tulifuata ramani mpaka kwenye seng'enge na kijito. Kwenye ramani zao zile za njano na chungwa, njia ya umma huonyeshwa kwa vistari vya kijani, na mpaka wa kata huonyeshwa kwa nukta nyeusi. Mwalimu alikuwa na miwani ya kusomea, aliiacha kwenye gari. Tulitembea asubuhi nzima juu ya mpaka wa kata. Mpaka wa kata hauna daraja, mwenzangu. Hauhitaji. Lakini Mwalimu alisema kwamba ni watu wachache sana wameuona mpaka ule kwa ukaribu huo, na Dereva akaliandika hilo kwenye muhtasari.

Sasa Blorenge.

Ilikuwa mwezi wa kumi, na kamati iliamua muda umefika wa kupanda mlima halisi "ili Mshauri wetu asichoke na sisi". Nikawaambia mimi sijachoka hata chembe. Wakatazamana, wakatabasamu.

Mlima wenyewe, kama ilivyotokea, tuliupandishwa na magari. Barabara inakupeleka karibu hadi mgongoni, mpaka kwenye maegesho yanayoitwa Foxhunter, na kutoka hapo hadi kwenye rundo la mawe la kileleni ni mwendo wa nusu saa tu, karibu tambarare. Foxhunter alikuwa farasi. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, yeye na bwana wake Harry Llewellyn walikuwa kwenye timu iliyoiletea Uingereza medali yake ya pekee ya dhahabu kwenye michezo ile. Alipokufa alizikwa palepale mlimani, na kaburi lake lina kibao. Tulisimama pale kwa heshima. Bi Benki alitokwa na chozi. Mimi nilikuwa nafikiria mengine: nchi ambayo farasi anazikwa na kibao, na binadamu analipa ili apigwe na mvua.

Hali ya hewa ilikuwa safi. Tuliiona Skirrid, tuliiona Sugar Loaf, tuliiona hospitali yetu chini kule, ndogo, na nikawahurumia walio zamu. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tukafika kileleni, tukapiga picha, Bi Benki akala ndizi, na Mwalimu akapendekeza kwamba, kwa kuwa bado mapema, tusirudie njia ileile bali tuzunguke kidogo.

Neno "kidogo" huko Wales lichunge sana.

Ukungu haukuja kwa hodi. Upande wa magharibi mbingu ilififia, mtu akasema, "Aa, unapita tu," na hapohapo tukawa ndani yake, mzito kama uji wa muhogo. Skirrid ikaenda, hospitali ikaenda, Dereva akaenda na alikuwa hatua sita mbele yangu. Juu kule hakuna mti wala ukuta. Kuna mimea mifupi migumu inayokukwaruza magotini, na katikati yake tope jeusi ambalo kwa macho ni nyasi na kwa mguu ni kisima. Kijana wa Simu aliingia hadi kwenye paja. Tulimvuta. Buti lilibaki tukalirudia.

"Tufuate dira," akasema Mwalimu. Dira alikuwa nayo, nzuri, ya kuning'iniza shingoni. Iliyokosekana ni miwani.

Tukatembea. Kila baada ya muda ndege mnene anatoka miguuni mwetu kwa kishindo, moyo unaruka, naye anakwenda akipiga kelele. Hao ni jamii ya kwale, wekundu, na Mwalimu akatufahamisha, huku tumeshikana makoti tusipoteane, kwamba kule Blorenge ni miongoni mwa sehemu za kusini kabisa Uingereza wanakoishi, na kwamba wenyeji husikia mlio wake ukisema: rudi nyuma, rudi nyuma, rudi nyuma.

Kwetu, ndege wa porini akikuambia rudi nyuma mara tatu, unarudi, na ukifika nyumbani unachinja kuku. Mwalimu aliendelea mbele.

Baada ya muda mrefu tukafika kwenye rundo la mawe. Shangwe! Juu ya jiwe moja palikuwa na ganda la ndizi. Bi Benki alikasirika sana. "Watu gani hawa wanaotupa taka mlimani?" akasema, akaliokota alitie kwenye mfuko, akalitazama, akalitazama tena, kisha akalitia mfukoni bila kusema neno lingine. Sote tukaelewa tulikuwa wapi. Kijana wa Simu akatutangazia, kwa kusoma kwenye kioo, kwamba tumepiga hatua elfu kumi na mbili. Simu ilijua idadi ya hatua zote, ila haikujua zilipigwa wapi. Na ilipokwisha kusema hilo, ikazimika kwa baridi.

Ikafanyika kamati palepale. Mmoja akasema tupige 999 tuombe waokoaji wa mlimani. Hapo Dereva alipandisha sauti kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Waokoaji wale ni watu wa kujitolea, wanaacha chakula cha Jumapili mezani, na mmoja wao ni mkwe wake. "Nikaokolewe na mkwe wangu, nusu saa kutoka kwenye gari? Heri nizikwe hapa na yule farasi."

Kukawa kimya. Na ndani ya kimya kile niliona nyuso zote, zilizoloa, zinanigeukia mmoja mmoja.

"Mshauri," akasema Mwalimu kwa unyenyekevu. "Kule Kilimanjaro, ikitokea hivi, mnafanyaje?"

Nikawaambia ukweli. "Kule Kilimanjaro mtu hapandi bila kiongozi aliyesajiliwa. Ni sheria."

Wakatikisa vichwa polepole. "Hekima," akasema Bi Benki.

"Na kiongozi angefanya nini?"

Mimi najua nini angefanya kiongozi? Ninachojua ni wodi, na wodini, mambo yakikuchanganya, kwanza mgonjwa umkalishe. "Tukae chini," nikasema. "Tunywe chai. Tule." Nikafungua begi nikatoa sambusa nilizokaanga alfajiri nilipotoka zamu. Ah, laiti ungewaona. Watu kumi wamekaa kwenye tope, kwenye ukungu, na sambusa za nyama mkononi, wanaambiana kwa sauti ya chini kwamba kumbe hii ndiyo mbinu ya Kilimanjaro. Mmoja aliuliza kama pilipili ni ya kusaidia kupumua juu mlimani. Nikasema inasaidia.

Ni chai ile iliyomkumbusha Mwalimu filimbi.

Alikuwa nayo begini, mpya, imenunuliwa na fedha za klabu kwa azimio la kamati. Utaratibu unajulikana: mtu aliyepatwa na shida mlimani hupiga mipulizo sita ndani ya dakika moja, hutulia dakika moja, kisha hurudia. Anayesikia hujibu kwa mitatu. Mwalimu akasimama, akajaza kifua, akapiga sita. Tukatulia. Bi Benki anahesabu sekunde. Akapiga sita tena.

Kwa mbali, ndani ya ukungu, filimbi ikajibu.

Tulikumbatiana. Lakini haikuwa mitatu. Ilikuwa mmoja mrefu, kisha miwili mifupi, kisha kitu kinachopanda na kushuka. Mwalimu akatoa kijitabu chake akaanza kutafuta maana yake, pua ikigusa karatasi. Hakuipata. Akapiga sita tena, kwa nguvu. Ile ya mbali ikajibu, safari hii ndefu na, niseme hivi, ya hasira. Mwalimu akapiga. Ile ikapiga. Wakashindana hivyo kwa muda, na kwa masikio yangu mimi, mtu wa mbali, yule wa ng'ambo alikuwa anatukana.

Kisha ardhi ikaanza kutetemeka kidogo.

Wales ina kondoo karibu milioni 9 na watu milioni 3 na ushei, kwa hiyo kila mtu ana kondoo wake watatu. Sisi siku ile tuliletewa mgao wetu na wa wengine. Walitokea kwenye ukungu kwa mkupuo, weupe, wameloa, wana alama ya rangi nyekundu mgongoni, wanakohoa hasa kama wazee wa msikitini alfajiri. Arobaini, hamsini, sijui. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye rundo la mawe, wakatuona, wakasimama, nasi tukawaona, tukasimama. Nyuma yao akatokea mbwa mweusi na mweupe, amejilaza chini karibu tumbo liguse nyasi, macho yamekaza.

"Oo, mzuri huyu!" akasema Bi Benki, akapiga hatua ya kwenda kumsalimia na kumuuliza umri. Mbwa akaruka ubavuni, akajilaza mbele yake, akamkazia jicho. Bi Benki akarudi kwenye kundi. Dereva akajaribu upande wa pili. Mbwa alikuwa ameshafika. Kijana wa Simu hakujaribu. Kila aliyenyanyua mguu alirudishwa, kwa adabu, bila kubwekewa hata mara moja, mpaka tukawa tumebanana na kondoo bega kwa bega, na mmoja wao ameanza kula mfuniko wa karatasi wa sambusa zangu.

"Usipige tena hiyo filimbi," nikamwambia Mwalimu. Huo ulikuwa ushauri wangu wa kwanza wa kweli kwa klabu.

Mwenye mbwa alifika kwa pikipiki ya matairi manne. Alikuwa mtu wa makamo, kofia imelowa, uso umelowa, na hasira ambayo haikulowa hata kidogo. Akazima mashine. Akatazama kundi kwa utaratibu kutoka kulia hadi kushoto. Mlima ule wafugaji kadhaa hulisha pamoja, ndiyo maana kila mmoja hutia kondoo wake rangi yake. Akafika kwa Dereva, mwenye koti la bluu, na Bi Benki, mwenye koti la bluu.

"Wenye bluu," akasema, "si wangu."

Kisha akatueleza, na mengine siyaandiki. Alikuwa anawakusanya kondoo wake kuwashusha upande wa pili wa mlima. Mbwa anafanya kazi kwa filimbi: mlio huu nenda kushoto, mlio huu nenda kulia, huu lala, huu lete. Kwenye ukungu mbwa hamwoni bwana, anafuata sauti. Sasa sauti zikawa mbili. Ya bwana wake anaijua, lakini ile nyingine ilikuwa na bidii zaidi. Mbwa akaamua kwamba mwenye shida kubwa ni yule anayepiga sita sita, akawabeba kondoo wote akamletea.

"Mbwa hodari sana," akasema Mwalimu, kwa nia njema kabisa.

"Alikuwa," akasema yule bwana.

Dereva, ambaye hapendi ugomvi, akajaribu kupoza mambo kwa historia. Akasema mashindano ya kwanza ya mbwa wa kondoo nchini yalifanyika Wales hiihii, kule Bala, mwaka 1873. Yule bwana akamtazama. "Na aliyeshinda alikuwa Mskoti," akasema. Wote wawili wakainamisha vichwa kwa msiba huo, na nadhani ni hapo moyo wake ulipolainika, maana aliuliza magari yetu yako wapi. Mwalimu akanyoosha mkono kaskazini. Yule bwana akanyoosha wake kusini. Ilikuwa mwendo wa nusu saa.

Hatukuaminiwa kutembea nusu saa hiyo. Alikuwa na tela la kondoo hapo chini kwenye njia, la alumini, lenye matundu pembeni na mlango wa nyuma unaoshuka ukawa daraja, na hatukupata kumshawishi vinginevyo. "Nikiwaacha mtapiga tena," alisema. Tukapanda. Kwanza tuliingia sisi, mbwa akihakikisha, na alivyotusukuma mlangoni nilijua tumehesabiwa. Sakafu ya tela la kondoo sitaieleza. Kuna wanaosoma wakila.

Maegeshoni ukungu ulikuwa umeinuka. Jua. Magari yamejaa, familia zimekuja na watoto kuona kaburi la Foxhunter. Tela likasimama katikati yao, mlango ukashushwa, na likatoka kundi la watu wazima kumi na mmoja, matope hadi kiunoni, mbele mwenyekiti na ramani shingoni, nyuma mbwa. Mtoto mmoja akamuuliza baba yake kwa sauti ya kutosha kwamba hawa wanapelekwa wapi. Na mkwe wake Dereva, sijui nani alimleta siku ile, alikuwa pale na wanawe wanakula aiskrimu.

Kikao cha kamati baada ya hapo kilichukua saa tatu. Muhtasari ninao, unasema kwamba matembezi ya Blorenge yalikwenda kama yalivyopangwa, isipokuwa upande yalikoelekea. Filimbi ilinyang'anywa ikafungiwa kwenye kasha la fedha, ufunguo kwa Bi Benki. Palipitishwa kwa kauli moja shukrani kwa Mshauri wa Milima Mirefu kwa utulivu wake na kwa mbinu ya sambusa, ambayo sasa ni ya lazima kwenye kila safari. Na kwa kuwa ni ya lazima, ninaombwa nizikaange mimi. Nikasimama nikawaambia kwa mara ya mwisho, neno kwa neno, kwamba sijawahi kupanda Kilimanjaro. Wakanipigia makofi.

Kuhusu safari iliyofuata, busara ilitumika. Hakuna mlima. Tutatembea kando ya mfereji wa Monmouthshire na Brecon, ambao unapita Llanfoist, chini ya Blorenge hiyohiyo. Mfereji una urefu wa kilomita 56 na hauna kona ya kumchanganya mtu: maji upande huu, njia upande huu, tambarare tupu. Mwalimu aliwaandikia wanachama wote maelekezo ya mstari mmoja, kwa lugha mbili, miwani ikiwa puani: mkifika kwenye mfereji, kateni kulia.

Siku ilipofika, wengine tulikuja kwa miguu kutoka mjini na wengine waliacha magari upande wa mlimani. Sisi tulifika kwenye mfereji tukakata kulia. Wao walifika kwenye mfereji, kutoka upande wa pili, nao wakakata kulia. Mchana simu yangu ikalia. Alikuwa Bi Benki, ananong'ona, na nyuma yake naisikia sauti ya Mwalimu ikisema kila kitu kiko sawa.

"Kipenzi," akasema, "sisi tumeshafika karibu na Goytre na hatuwaoni. Nyinyi mko wapi?"

Nikatazama kibao kilichokuwa mbele yangu. "Gilwern," nikasema.

Akakaa kimya akipiga hesabu, maana ni mtu wa benki.

"Sambusa," akasema, "ziko upande gani?"